Simu ya Nyumba ni ya Nani?

Kando ya Mafiga, safu yetu ya kila juma



Juma lililopita niliahidi kwamba tutaendelea na habari ya unga wa mihogo unaofanya ukungu. Ahadi ni deni, nitalipa juma lijalo. Leo naomba nafasi niseme jambo lingine, kwa sababu Alhamisi usiku mdogo wangu alinipigia kutoka Uingereza, na swali aliloniuliza limenikalia kifuani tangu siku ile.

Wengi wenu mnamjua, alisoma hapa kabla ya vita kututawanya. Sasa anakaa Newcastle, mji ulio kaskazini mwa Uingereza, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi anaingia kwenye gari, anapanda vilima vya jimbo la Northumberland, kwenye vijiji vya nyumba za mawe na kondoo wengi kuliko watu. Nyumba hii anamwogesha mzee, nyumba ile anatoa dawa, nyingine anapika uji na kukaa kidogo kuzungumza, maana anasema kule ugonjwa mkubwa wa wazee ni upweke.

Katika nyumba hizo iko moja ya mama mzee wa miaka 86, mjane, anayeishi peke yake mwisho wa barabara. Mama huyo ana simu ya waya ukutani, karibu na mlango. Imekuwa pale tangu alipoolewa. Sasa amepata barua kwamba mfumo wa zamani wa simu za waya unazimwa, na lazima achague: ahamie kwenye simu inayopita katika kisanduku cha intaneti, au aache simu ya nyumba kabisa abaki na ya mkononi. Binti yake anayekaa London anasema, "Mama, kata. Kila mwezi unalipia kitu ambacho hakilii isipokuwa wezi wakikupigia." Mama mzee hataki hata kusikia. Na mdogo wangu yuko katikati, kila mmoja anamvuta upande wake.

"Yaya, wewe ungemshauri nini?" akaniuliza.

Nilicheka kwanza. Mimi wa Fizi, ambaye waya pekee wa nyumbani kwetu ni ule wa kuanikia nguo, nimshauri mzungu juu ya simu ya waya! (Na wezi wa simu, kumbe wako kila mahali. Nilidhani ni sisi tu tunaopigiwa na mtu anayesema tumeshinda pikipiki, tumtumie kwanza pesa ya karatasi.) Lakini tulivyoendelea kuzungumza kicheko kilikwisha, na mwishoni niliona kwamba swali la mama yule wa kilimani ni swali letu pia.

Kwa mama vijana ambao hawajawahi kuiona simu hiyo, nieleze kidogo. Simu ya waya haibebwi. Inakaa mahali pamoja, na kutoka kwake waya wa shaba unakwenda juu ya nguzo au chini ya udongo hadi kwenye kituo cha simu. Na sikilizeni jambo hili, ndilo kiini cha ugomvi wote: umeme wa kuiendesha simu ile hautoki ndani ya nyumba. Unatoka kituoni, unakuja kwa waya uleule wa sauti. Kituoni kuna bateri kubwa na mashine ya kuwashia umeme. Kwa hiyo umeme wa kijiji ukikatika, taa zikazimika, friji ikanyamaza, simu ya waya bado inaita. Haishariji mtu, haiishi bateri. Ukiinua mkono wake gizani unasikia ule mlio, unajua kwamba kuna watu upande wa pili.

Simu mpya inayopita kwenye intaneti haiko hivyo. Inategemea kisanduku kilichochomekwa ukutani, katika umeme wa nyumba yenyewe. Umeme ukienda, nayo inakwenda.

Mtaniambia: lakini ana simu ya mkononi. Ndiyo, anayo. Mdogo wangu alizunguka nayo nyumba nzima, chumba kwa chumba, kama sisi tunavyozunguka chini ya mwembe tukitafuta rezo. Jikoni hakuna kitu. Chumba cha kulala, hakuna. Kuta za mawe zile ni nene kama za kanisa la zamani. Rezo ilipatikana mahali pamoja tu: dirisha la ngazini, juu, na hata pale ukiinama inapotea. Mwanamke wa miaka 86, ameanguka jikoni, nyonga imevunjika, atapanda ngazi kwenda dirishani?

Shingoni mama huyo anavaa kitufe kama kishaufu. Akianguka anakibonyeza, na kifaa kilicho karibu na simu kinapiga chenyewe kwa watu wanaokaa macho usiku na mchana kusubiri wito kama huo. Uingereza nzima watu wapata milioni 1.8 wanategemea vifaa vya namna hiyo. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba. Ukibadilisha njia bila kukijaribu kitufe, mzee anaweza kubonyeza na kisisikike popote. Hayo yametokea kweli, na ndiyo maana mwezi wa 12 mwaka 2023 serikali ya kule na kampuni kubwa za simu walikubaliana kwamba mtu mwenye kifaa hicho asihamishwe kwa lazima kabla ya kuhakikishwa kwamba kinafanya kazi. Tarehe yenyewe ya kuzima wamekwisha kuisogeza. Kwanza walisema mwisho wa mwaka 2025. Halafu, mwaka 2024, wakasema mwezi wa kwanza mwaka 2027.

Mdogo wangu hakuyajua hayo kwenye karatasi. Aliyajua kwa dhoruba.

Ilikuwa tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 2021. Kule dhoruba kubwa wanazipa majina kama watoto, na hiyo waliiita Arwen. Upepo ulipimwa pale pale Northumberland ukafika kilomita 158 kwa saa. Watu watatu walikufa kwa kuangukiwa na miti. Nyumba zaidi ya milioni moja zilikosa umeme, na ingawa wengi walirudishiwa upesi, maelfu walikaa gizani zaidi ya juma moja, wakati wa baridi, katika nchi ambayo baridi inaua wazee kama vile kwetu malaria inavyoua watoto. Minara ya simu za mkononi nayo, sehemu nyingi, ilimaliza bateri zake ikanyamaza.

Mdogo wangu hakuweza kupanda kilima siku mbili. Miti ilikuwa imelala barabarani. Alikaa Newcastle na orodha ya wazee wake, akipiga simu moja baada ya nyingine. Za mkononi zote kimya. Mama mzee yule alimpigia kwenye simu ya waya. Ikalia mara nne. "Nilikuwa nimeanza kulia, yaya," akaniambia. Mara ya tano mkono ukainuliwa, na mama akajibu kama anavyojibu siku zote: alitaja jina la kijiji, halafu namba ya simu, polepole, tarakimu kwa tarakimu. Hakusema "alo", hakutaja jina lake. Alikuwa amevaa makoti mawili, amewasha kuni, paka miguuni. Alikuwa na mkate wa siku moja. Mdogo wangu akampigia mkulima wa jirani, naye pia kwa simu ya waya, akaenda na trekta.

Miezi michache baadaye, mwezi wa 3 mwaka 2022, kampuni ya BT, ambayo ni kubwa kule, ilisimamisha kwa muda kazi ya kuwahamisha watu kwenye simu mpya. Dhoruba ilikuwa imewafundisha.

Nilimwuliza mdogo wangu: sasa, kama waya ni mzuri hivyo, wanaukata kwa nini? Hapa naye alisema kweli, na mimi sipendi kusimulia upande mmoja. Waya ule umezeeka. Vipuri vya vituo vya zamani ni vigumu kupata, na mafundi waliovijua wanastaafu. Watu wa mjini walikwisha kuacha simu za waya zamani, kwa hiyo gharama ya nguzo na nyaya inabaki mgongoni mwa wachache. Ni kama gari la zamani la misheni mnalolijua: kila mtu analipenda, hakuna anayeweza kulitengeneza. Sisemi kampuni ni wabaya. Nasema anayeketi mjini na rezo kila chumba hawezi kuona anachopoteza mtu wa mwisho wa barabara, mpaka aende akazunguke na simu mkononi.

Sheria ya kule inasema kwamba mtu asiye na njia nyingine ya kuita msaada lazima apewe na kampuni kitu cha kumwezesha kupiga simu ya dharura umeme ukikatika, kwa muda wa angalau saa 1. Saa moja. Na giza la Arwen, kwa maelfu, lilikaa juma zima.

Lakini mimi nilibaki na yule mama anayejibu kwa kutaja kijiji na namba. Nilimwuliza mdogo wangu, kwa nini hasemi jina lake? Akasema ndivyo wazee wa kule walivyofundishwa wakati simu zilipoingia majumbani. Anayejibu ni nyumba. Ukipiga, unaipigia nyumba, na yeyote aliye ndani anainua: baba, mama, mtoto wa miaka sita, mgeni. Na mama huyo akipiga namba ya dharura, 999, kwa simu ile, anayepokea anaona mara moja ni nyumba gani, hata kama mpigaji hawezi kusema neno.

Basi, wamama, hapo ndipo swali liliponigeukia.

Sisi hatukuwahi kukata waya, kwa sababu waya haukutufikia. Tulikuwa na foni ya misheni. Mnaikumbuka: chumba kidogo, fundi wa foni na saa yake, watu wamejipanga nje, na ukifika zamu yako unasema mambo ya ndoa yako huku kijiji kizima kinasikiliza, halafu unasema "ova". Aibu, ndiyo. Lakini foni ilikuwa ya watu wote na ilikuwa mahali pamoja. Habari ya msiba ikifika, mtu alitumwa mbio mpaka mlangoni kwako. Kisha zikaja simu za mkononi na foni ikafa, na hakuna aliyeililia, hata mimi. Tuliruka moja kwa moja kutoka foni hadi simu ya mfukoni. Katikati kuna kitu tulikiruka bila kukijua: simu ya nyumba.

Maana simu ya mfukoni inafuata mfuko. Na mfuko ni wa nani katika nyumba zetu nyingi? Nyumba yenye simu moja, asubuhi simu inatoka na baba. Inakwenda sokoni, inakwenda ziwani, inakwenda machimboni. Nyumbani wanabaki mama, watoto sita, na mama mkwe asiyeona vizuri. Ukihesabu vichwa, wanaoweza kupatwa na jambo ni walio nyumbani. Ukihesabu simu, iko kilomita arobaini.

Mama mmoja wa kikundi chetu ameniruhusu nisimulie lake, jina ninalihifadhi. Mume wake alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, akaenda na simu. Namba ile ndiyo ndugu wote waliyoijua. Kaka yake alipiga kutoka Kalemie kusema mama yao anazidiwa, afanye haraka. Mume alikuwa ndani ya shimo, simu imezimwa kuokoa bateri. Alipoiwasha na kupata habari ilikuwa siku ya tatu, naye akamtuma mtu wa pikipiki aliyekuwa akipita upande wetu. Habari ilifika kwa mama siku ya nne. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Mpaka leo anaulizwa na dada zake kwa nini hakuja, na hawamwamini. Hakuna aliyekosa hapo. Mume hakuiba simu, kaka hakuchelewa kupiga. Ila nyumba ile haikuwa na namba.

Na mimi mwenyewe, ninyi wa kikundi mnajua, lakini wasomaji wa mbali hawajui. Mtoto wangu wa tatu alikuwa na miaka 2. Baba wa watoto alikuwa Baraka na samaki, simu anayo yeye, kama kawaida. Usiku homa ikapanda, na karibu saa nane mtoto akaanza kukakamaa, macho yamegeuka juu, meno yameuma. Nilikimbia kwa jirani: simu yake iko, haina moto. Nilikwenda kwa jirani wa pili: hana unite, na kwake rezo haishiki. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nikatembea. Ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka kituo cha afya, mchana. Usiku ule sijui ulikuwa wa saa ngapi. Kila aliponyamaza mgongoni nilisimama kumgusa shingo.

Mungu alisaidia. Muuguzi alikuwepo, dawa ilikuwepo. Mtoto yuko, anasoma darasa la pili, mbishi kama babu yake. Lakini kilichoniuma zaidi nilikisikia kesho yake. Motari anayekaa chini ya kilima chetu, dakika kumi tu, alikuwa amelala nyumbani usiku ule, pikipiki yake ina mafuta. Aliposikia alikasirika kabisa: "Mama, si ungenipigia?"

Ningempigia na nini?

Tangu hapo kwetu kuna simu ya nyumba. Ni simu ndogo ya vitufe, ile yenye tochi, nilinunua sokoni dola 12 kwa pesa ya kugawana ya AVEC yetu. Baba wa watoto aliuliza swali ambalo nadhani kila mume atauliza: "Hii ni simu ya nani?" Nikamjibu, ya nyumba. Akauliza tena, "Ya nyumba maana yake ya nani?" Nilielewa hofu yake, si ya bure. Tunajua nyumba ngapi zimepasuka kwa sababu ya simu ya mke, ni nani alipiga, kwa nini amecheka. Nikamwambia haina mwenyewe, anayeikuta inalia anaipokea, hata yeye, hata mtoto, na haitoki mlangoni. Siyo yangu ya kupigia dada zangu. Yangu kama nitapata nitainunua siku nyingine. Alinyamaza siku mbili, siku ya tatu yeye mwenyewe akapigilia msumari.

Msumari uko kando ya dirisha, kwa sababu rezo yetu nayo inashika dirishani tu. Mjue hilo kabla hamjachagua mahali: zungukeni na simu nyumba nzima, mkae mahali palipo na rezo hata kama si pazuri, na muuweke usawa ambao mtoto wa miaka saba anaufikia. Juu yake ukutani tuliandika namba kwa mkaa, kubwa, na tunazipaka upya zikififia: motari, muuguzi, mzee wa kijiji, baba wa watoto, kaka yangu. Karatasi ililiwa na panya mara ya kwanza, ndiyo maana ya mkaa. Uingereza wana 999. Kwetu motari ndiye 999.

Shida yetu kubwa ni moto wa kushariji. Simu ya vitufe ikikaa bila kuchezewa inavumilia siku kadhaa, kwa hiyo kila Jumamosi mtoto mkubwa anaipeleka kwa kijana mwenye pano ya jua karibu na kabine, anaisubiri palepale, hatuiachi. Hiyo ndiyo safari pekee inayoruhusiwa. Ndani kuna unite za kupiga dakika chache, na haziguswi. Mwanzoni niliweka unite nikasahau kabisa kupiga, miezi ikapita, laini ikakatwa na namba ikapotea. Nilianza upya kuwatangazia ndugu wote. Sasa kila mwisho wa mwezi tunapiga simu moja fupi, ili laini ibaki hai.

Mlinzi wake ni mama mkwe wangu. Haoni vizuri lakini masikio yake ni ya paka. Mtoto wa jirani alikuja kuiazima aende nayo shambani, dakika moja tu. Mama mkwe akamwambia njoo upigie hapa, mbele yangu. Kwa namna hiyo nyumba tatu za jirani sasa zinatumia namba yetu. Ndugu zao wakitaka kuwapata wanaipigia, na mtoto anatumwa mbio kuita. Kama foni ya zamani, ila bila kijiji kizima kusikiliza. Nawaomba viongozi wa vikundi mlifikirie: si lazima kila nyumba iwe nayo. Nyumba moja kila kilima, ya mtu asiyesafiri, ingetosha kuanza. Na kule ambako hakuna rezo hata kidogo sina jibu, simu bila rezo ni tochi tu.

Mtapenda kujua mama mzee wa Northumberland alifanya nini. Mdogo wangu alimrudishia binti simu, akamwambia njoo ulale hapa usiku mmoja, tuzime umeme, kisha tuamue. Binti alikuja. Alishuka ngazi gizani na simu ya mkononi akitafuta rezo, asubuhi hakusema tena neno kukata. Wamekubali kuhamia kwenye simu mpya, kwa sababu ya zamani itazimwa tu, lakini wametaka kwanza bateri ya akiba, siyo ya saa moja, na kitufe cha shingoni kijaribiwe mbele yao mama akiwa jikoni, chumbani na bafuni. Simu ya mkononi imewekwa kwenye dirisha la ngazini, imechomekwa daima. Na namba imebaki ileile. Hilo mama alilikazania kuliko yote. Alisema kuna watu wawili au watatu duniani wanaoijua kwa kichwa, na kama wako hai watapiga.

Mama mwenye jambo juu ya hili, aliyejaribu au aliyeshindwa, alilete kwa katibu wa kikundi chake, nitalisoma. Ya unga wa mihogo ni juma lijalo, sijasahau.

Jumapili nilikuwa Baraka kwa mkutano wa wamama. Mchana nilijaribu kupiga nyumbani, kuona nani atapokea. Ililia mara tatu. Kisha sauti ya yule yule niliyembeba usiku ule, sasa darasa la pili, akipaza kama anahutubia kanisa: "Hapa ni nyumbani!"

Nikamwuliza koko yuko wapi. Akasema anachagua maharagi. Nikamwuliza mbuzi wamefungwa. Akanyamaza. Nikajua hawajafungwa.

"Nenda uwafunge," nikamwambia, na nikakata, unite zisiishe.